Mdogo wangu huku, binamu yangu Taveta, wameingia chuo mwaka mmoja. Nani kabebwa na nchi yake?

mtu_wa_holili

Wakuu habari za jioni. Huu uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi kwetu ni Holili, mpakani kabisa upande wa Bongo, na shangazi yangu aliolewa ng'ambo pale Taveta, Kenya, kwa hiyo ukoo umekaa nchi mbili ila misiba tunazika pamoja. Sasa mwaka 2024 mdogo wangu na mtoto wa shangazi wakaingia chuo kikuu mwaka uleule, na kozi ileile, ualimu wa sanaa. Dogo chuo cha serikali huku, binamu chuo cha serikali kule. Nikasema hapa nimepata kipimo, maana kila siku mnabishana humu Kenya elimu iko juu, mara Bongo mikopo ipo, hakuna anayeweka mahesabu mezani.

Tuanze na mlango. Dogo kamaliza form four 2021, akaenda form five na six bure (ada ya five na six ilifutwa 2022, akaangukia humo), katoka na prinsipo pasi zake, kaomba chuo. Binamu kamaliza form four yao 2023, KCSE, kapata B-, kaenda moja kwa moja. Kwao C+ inakutosha kuingia digrii. Yani dogo alimtangulia miaka miwili kumaliza form four lakini wanaripoti chuo mwaka mmoja, wa kwetu anasoma miaka mitatu, wa kwao miaka minne. Mpaka 8-4-4 (miaka minane msingi, minne sekondari, minne chuo) ilipoanza 1985 na wao walikuwa na form six kama sisi, na sasa na huu mtaala wao mpya wa umahiri wanarudi kwenye digrii ya miaka mitatu. Tunazungukana tu kama kuku na mwewe.

Sasa pesa, hapa ndo nimekaa nikahesabu mpaka betri ikaisha.

Huku kwetu ada za vyuo vya serikali kozi nyingi zinacheza milioni moja mpaka moja na nusu kwa mwaka. Bodi ya Mikopo (HESLB, ilianza kazi 2005) inakupa bumu (hela ya kujikimu) elfu kumi kwa siku, zamani ilikuwa buku nane na mia tano, wale wa zamani mnakumbuka laki tano na kumi ya siku sitini. Juu yake kuna hela ya vitabu, mafunzo kwa vitendo, na ada kwa kiwango watakachoona unastahili. Yote hiyo ni MKOPO, utaulipa.

Kule kwao tangu Mei 2023 Ruto katangaza mfumo mpya. Zamani serikali ilikuwa inapeleka hela chuoni kwa kila mwanafunzi na mzazi analipa karo elfu kumi na sita za Kenya tu kwa mwaka. Sasa hivi kozi inawekewa gharama yake kamili, halafu unapimwa kwenu mna hali gani, unawekwa kwenye bendi. Bendi ya kwanza ni familia yenye kipato chini ya 5,995 kwa mwezi, hiyo ni kama laki na ishirini yetu: asilimia 70 ya ada ni ruzuku hulipi, 25 mkopo, 5 mzazi. Bendi ya tano ya juu kabisa, ruzuku 30, mkopo 30, mzazi 40. Na hela ya kujikimu ni mkopo, elfu 60 za Kenya kwa mwaka ukiwa bendi ya kwanza, inashuka mpaka elfu 40 ukiwa ya tano.

Sasa piga hesabu. Elfu 60 ya Kenya mara ishirini (shilingi yao moja ni kama ishirini zetu) ni milioni moja na laki mbili. Kwa MWAKA. Dogo kwa elfu kumi kwa siku, hata tukihesabu miezi minane tu ya chuo, anafika milioni mbili na laki nne. Mara mbili. Tena binamu kwao ni maskini, ila kwenye karatasi akaonekana kwao wanazo, hapo ndo stori inapoanza, nakuja.

jiwe_la_pembeni

Nimeweka kiti mkuu. Ila umesahau kitu, elfu kumi ya Dar siyo elfu kumi ya Moshi.

komredi254

Salamu kutoka Kenya. Mleta uzi umesema ukweli kwa mengi lakini hapo kwa upkeep usilinganishe hivyo tu. Hiyo ruzuku ya asilimia 70 hatulipi, nyinyi hata ada ni deni. Na HELB yetu (bodi ya mikopo ya Kenya) riba ni asilimia 4 kwa mwaka, mnakatwa ngapi nyinyi?

mtu_wa_holili

Komredi karibu. Tunakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kabla ya sheria ya 2016 ilikuwa 8. Kulikuwa pia na ile asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo, iliyokuwa inafanya deni linakua kama mimba, Mama Samia akaifuta 2021. Kwa hiyo riba sasa hatuna, ila mkato ni mkubwa, mwalimu mpya ukitoa huo mkato na mifuko na kodi anabaki na hela ya nauli na sala.

Nyie riba mnayo ila mkichelewa mnapigwa faini ya elfu tano kila mwezi, kweli si kweli?

komredi254

Kweli. Kuna rafiki yangu hana kazi na faini inakua tu. Sisi hiyo tunaita kuadhibiwa kwa kukosa kazi 😂

mtu_wa_holili

Haya narudi kwenye stori. Fomu.

Dogo wakati wa kuomba mkopo tulienda steshenari moja pale Himo, foleni mpaka nje, watoto wote wa form six wa tarafa nzima wako pale na mabahasha ya kaki. Yule kijana wa kompyuta anajaza fomu tatu kwa pamoja, huyu anamwambia subiri OTP, yule lete cheti cha kifo cha baba, mwingine mdhamini wako ana kitambulisho cha NIDA? Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA (wakala wa vizazi na vifo) kwanza. Sasa cha dogo jina la baba limeishia na "e", cheti cha form four limeishia na "i". Herufi moja. Kijana akasema haina shida twende hivyohivyo, akapiga muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, hela yake akala.

Majina awamu ya kwanza yakatoka, dogo hayumo. Awamu ya pili hayumo. Nyumbani mama haongei, mzee anasema aende tu akalime. Chuo kimeshafunguliwa. Ada ya kuanzia tumechanga ukoo mzima, mpaka shangazi wa Taveta kauza ndizi siku mbili za gulio katuma. Nikakaa na dogo tukasoma ule mwongozo wa bodi mwanzo mwisho, kurasa kwa kurasa, jambo ambalo tungefanya tangu mwanzo ila nani anasoma mwongozo. Tukaenda kwa wakili tukala kiapo cha jina, tukarekebisha kwenye dirisha la rufaa, akapata. Lakini mpaka anasaini bumu ya kwanza, wenzake wameshasaini zamani, muda wote huo kaishi kwa kubebana hosteli, wawili kitanda kimoja cha futi mbili na nusu.

Binamu sasa. Kule hamna mwenyekiti wa mtaa, unajaza mtandaoni maswali mengi kweli, kazi ya mzazi, ndugu wangapi wako shule, shule uliyosoma ililipiwa na nani, matumizi ya nyumbani. Shangazi anauza ndizi jumla sokoni, mzigo ukiingia anashika hela nyingi asubuhi, jioni zote zimerudi kwa mkulima. Binamu kwa ujinga wa kitoto akaandika mauzo kama ndiyo kipato. Na sekondari alisoma bodingi nzuri, alilipiwa na mjomba ambaye sasa hivi ni marehemu. Kaangukia bendi ya nne! Asilimia 30 mzazi. Mama anayelala kwenye nyumba ya bati mbili!

Kwa hiyo mnaponiuliza sera ipi nzuri, mi nawaambia hao watoto wawili wote walikwama palepale, kwenye kujieleza kwa karatasi. Mtoto wa mhasibu hakosei hiyo fomu.

binti_kigoma

Umenikumbusha machozi. Mimi nilikosa kabisa mwaka wa kwanza sababu form one mpaka four nilisoma shule binafsi, padri alikuwa ananilipia. Nikaulizwa nani alikulipia, thibitisha. Padri kahamishwa. Nilithibitisha na nini?

mtu_wa_holili

@binti_kigoma pole dada. Hilo la shule binafsi limeua wengi huku na huko. Mantiki yake naielewa, aliyelipa milioni mbili sekondari ataweza chuo, lakini mfadhili siyo mzazi.

mwl_mkongwe

Vijana naomba niingilie kidogo, nafundisha chuo mwaka wa kumi na saba huu, nchi sitaji lakini nimefundisha pande zote mbili.

Mnaongea bendi, bumu, sawa. Hamjauliza mtoto akishaingia anakuta nini. Tanzania ada iko chini kwa sababu serikali imeamua iwe chini, ila gharama ya kumfundisha mtoto haijashuka. Tofauti inalipwa na nani? Inalipwa na ubora. Darasa la kozi ya pamoja mwaka wa kwanza watu mia nane, wengine wako dirishani, wengine wanarekodi kwa simu, mimi nasahihisha mitihani mpaka macho yanaona herufi zinacheza. Semina zilizokuwa za watu kumi na tano sasa ni hamsini.

Kenya wao walijidanganya njia nyingine. 1998 chuo cha Nairobi kikaanzisha ule mpango wa wanaojilipia, moduli ya pili, na vyuo vingine vikafuata. Hela ikaingia, majengo yakaota, matawi mpaka kwenye maghorofa ya benki. Halafu 2016 mitihani ya sekondari ikabanwa wizi, waliopata C+ kwenda juu wakaporomoka kutoka zaidi ya 165,000 mwaka 2015 mpaka chini ya 90,000. Serikali ikaona inaweza kuwachukua wote, hata ikawapeleka vyuo binafsi. Moduli ya pili ikafa. Vyuo vikabaki na majengo na madeni. Mfumo wa bendi haukushuka mbinguni, ulikuja kwa sababu vyuo vilikuwa vinazama.

Na mwone hili. 2023 wakabadilisha namna ya kukokotoa gredi za KCSE, hisabati na lugha moja ndiyo ya lazima halafu masomo matano uliyofanya vizuri. Mwaka huo C+ kwenda juu 201,133. Mwaka uliofuata 246,391. Sijasema watoto wamekuwa wajinga au werevu, nasema mlango umepanuliwa na mhadhiri hajaongezwa.

komredi254

Mwalimu umenena. Na hao wahadhiri wenyewe 2024 waligoma, 2025 wakagoma tena siku 49. Mimi nilikuwa nyumbani nachunga ng'ombe na nimelipa karo. Bendi haikusaidii kama darasa limefungwa.

jiwe_la_pembeni

Sisi angalau hatugomi.

mwl_mkongwe

@jiwe_la_pembeni kutogoma siyo kuridhika.

mtu_wa_holili

Mwalimu umeongea kitu nilikuwa sikioni. Yani kwetu bili wanaificha, kwao bili wameiweka mezani ikatisha watu. Maana ule mwaka wa kwanza watu walishtuka kuona udaktari 612,000 za Kenya kwa mwaka, milioni kumi na mbili zetu! Hiyo bei ilikuwepo siku zote ila serikali ndiyo ilikuwa imeibeba. Kelele zikawa nyingi, Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka katiba, 2025 Mahakama ya Rufaa ikaisimamisha ile hukumu, serikali nayo ikatangaza kushusha ada. Binamu kila wiki ananipigia, bro kwani mimi ni wa mfumo gani sasa? Namwambia soma kwanza.

Ila mwalimu tuwe wakweli na sisi kuna wakati tuliwahi kubana ubora kwa rungu. 2017 TCU (tume ya vyuo vikuu) ilizuia vyuo 19 kudahili wapya. Na mwaka mmoja kabla, wale zaidi ya 7,000 wa stashahada maalum ya ualimu wa sayansi pale UDOM walirudishwa nyumbani kwa notisi ya saa ngapi sijui, watoto na mabegi stendi ya Dodoma usiku. Kubana ubora ni sawa, lakini unambana nani? Aliyedahili au aliyedahiliwa?

mwl_mkongwe

Hapo umenipata. Vile vyuo vilivyozuiwa vingine vilistahili, nimeviona, maktaba ina vitabu vya sekondari. Lakini mtoto aliyekuwa mwaka wa pili hana kosa.

Kwa haki niseme pia siku hizi kuna majengo yanajengwa, mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 tangu 2021, kampasi mikoani mpaka Lindi na Kagera, na kuna hela ya kusomesha wahadhiri. Jengo nimeliona. Wahadhiri nawasubiri, maana shahada ya uzamivu haifyatuliwi kama tofali.

mpemba_halisi

Wabara nyie mshasahau na sisi Zanzibar tuna bodi yetu wenyewe ya mikopo tangu 2011. Mnaandika Tanzania Tanzania kumbe mwaandika nusu.

mtu_wa_holili

@mpemba_halisi samahani sheikh, kosa langu. Weka uzoefu wako tusome.

mpemba_halisi

Ntakuja, nipo dukani.

kampala_road

Niko Uganda mwaka wa sita. Huku ndo mngelia. Serikali inasomesha kama elfu nne tu kwa mwaka nchi nzima, elfu tatu kwa ufaulu wa kitaifa na elfu moja kwa mgao wa wilaya. Wengine wote mfukoni mwa mzazi. Bodi yao ya mikopo ilikuja kwa sheria ya 2014, bado ndogo. Ila wana jambo moja zuri, tangu 1990 Makerere msichana anaongezewa pointi moja na nusu wakati wa kuingia. Na ule mgao wa wilaya maana yake mtoto wa Karamoja ana nafasi yake, hashindani na wa shule kubwa za mjini. Kwetu Bongo hilo la kuangalia mtu katokea wapi hatuna, tunaangalia mzazi ana nini.

Halafu chekesho, hao elfu tatu wa ufaulu wengi ni watoto wa shule za ghali, mzazi alishalipa mamilioni sekondari, chuo anasoma bure. Maskini analipa.

mtu_wa_holili

Hii ya mgao wa wilaya nimeipenda. Ngorongoro, Kibondo, kule Tana River kwa wenzetu, mtoto anafundishwa na walimu wanne shule nzima halafu tunampima kwa mizani moja na wa Feza, shule ya ghali ya Dar.

baridi_ya_ujerumani

Na huku Ujerumani ada hamna kabisa chuo cha serikali, jimbo la mwisho lilifuta 2014. Isipokuwa sehemu kama Baden-Württemberg, sisi tusio wa Ulaya tunalipa yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Njooni tu.

jiwe_la_pembeni

Njooni tu, na ile akaunti ya kuzuia hela, unayotakiwa kuijaza yuro elfu kumi na moja na ushee ndo upate viza, mbona husemi 😂😂

baridi_ya_ujerumani

Hahaha umenikamata. 11,904 tangu 2024. Lakini kuna kitu kingine hamkijui, wenyeji wenyewe wanachujwa wakiwa na miaka kumi. Baada ya darasa la nne, majimbo mengi, mtoto anapangiwa shule ya kuelekea chuo au ya kuelekea ufundi. Jirani yangu Mturuki, binti yake ana akili balaa, mwalimu kashauri aende ya ufundi, mama kakataa kapigana mpaka basi. Sasa chuo ni bure sawa, ila aliyefika mlangoni alishachujwa zamani, na wanaochujwa unawajua.

binti_kigoma

Kumbe kila mahali kuna fomu, ila ya huko anaijaza mwalimu.

mwl_mkongwe

Binti umemaliza.

komredi254

Swali kwa mleta uzi. Binamu yako alifanya nini na hiyo bendi 4? Niko na mdogo wangu anaingia mwaka huu, mathe ni mama mboga, sitaki aandike ujinga.

mtu_wa_holili

Alikata rufaa, inaruhusiwa kuomba upimwe upya. Alichofanya, kwanza akaandika upya kipato, siyo mauzo. Tulikaa na shangazi jikoni usiku tukahesabu: mkungu kanunua bei gani, kauza bei gani, kodi ya meza sokoni, bodaboda, ndizi zilizoiva zikaharibika, iliyobaki ndiyo kipato. Shangazi mwenyewe alishangaa, anasema mimi miaka yote nilidhani napata faida. Pili cheti cha kifo cha mjomba, na barua ya chifu kwamba marehemu ndiye aliyekuwa analipa shule. Tatu wadogo zake wawili walioko sekondari, mwanzoni aliandika mmoja tu sababu mwingine yuko kwa bibi. Akashushwa bendi. Ilichukua muhula mzima, katikati hapo alikula kwa roommate na mimi nilikuwa natuma kidogokidogo, makato ya kutuma hela kuvuka mpaka ni hadithi ya uzi mwingine.

Mdogo wako mkalishe na mama yako, siyo kijana wa saiba (intaneti).

komredi254

Asante sana bro. Nitakaa naye wikendi.

mdau_mpya_22

Samahani wakuu nimesoma uzi wote kimyakimya. Mimi ni form six leaver, kwenye cheti cha kuzaliwa mama anaitwa Asha kwenye NIDA yake Aisha. Kijana wa steshenari anasema nilipe elfu hamsini atanirekebishia mfumoni. Nimpe?

mtu_wa_holili

USIMPE. Hawezi kurekebisha chochote mfumoni huyo. Nenda kwa wakili au mahakama ya mwanzo ule kiapo kwamba Asha na Aisha ni mtu mmoja, bei ni ndogo kuliko hiyo, piga kopi tatu, skani vizuri kurasa zionekane mpaka muhuri. Fanya sasa kabla dirisha halijafunguliwa, likifunguliwa foleni itakuwa mpaka barabarani. Ukikwama njoo inboksi, dogo yuko likizo ya muhula, nitamwambia akusaidie kujaza, maana hiyo fomu sasa anaijua kwa kichwa.